Mchanga wa Misri

Nansio, 3 Septemba 2024

Nestory mwanangu,

Kwanza nikusalimu, wewe na Precious, halafu ndiyo niseme ya huku. Huku tunaamka. Mihogo nimeianika, kuku mmoja tu ndiye kaibiwa.

Barua hii naandika kwa mkono wangu polepole, Teodora ataipiga picha na kukurushia. Teodora ni yule binti wa marehemu Kashindye hapa jirani, siku hizi anauza duka la dawa sokoni. Simu unajua siwezi. Tangu ile homa, mtu akiongea ndani ya simu mimi nasikia nyuki. Na ukijibu atanisomea yeye, maandishi ya simu ni madogo kama mayai ya chawa.

Amenionyesha picha zako. Bahari, viti vya kulalia, wewe na kaptula. Anasema mko Misri, mnakaa ufukweni kwanza, halafu kuna mtu atawachukua awatembeze jangwani kuangalia makaburi ya wafalme wa zamani, halafu mnarudi tena ufukweni kumalizia. Nikamwuliza, Misri ileile? Akasema ileile, mama. Wana wa Israeli walitoka huko mbio na unga haujaumuka, nyie mnapanda ndege kuingia. Teodora kacheka mpaka kakaa chini.

Baba yako hajambo kiasi. Mguu mmoja umekuwa mzito na mdomo umekwenda upande, sauti nayo imeshuka. Nafikiri ni uchovu wa shamba. Usiwaze. Jana nilikuwa namlisha uji akataja jina lako, halafu akajifanya alikuwa anaita mbwa.

Unakula? Kwenye picha naona mbavu. Na jangwani nasikia jua likizama ni baridi kali, ubebe sweta.

Mama yako,
Selina


Hurghada, Misri, 5 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Tunakula kupita kiasi, hizo unazoziona si mbavu, ni kivuli cha mwavuli. Hapa mtu anakula mara nyingi atakavyo na hakuna anayemwangalia. Precious anasema hataki kurudi Dar.

Bahari ya hapa si kama ziwa letu. Unaona samaki chini kama wako kwenye bilauri. Jumapili tunaanza safari ya jangwani. Kiongozi wetu ni msomi wa mambo ya kale, anajua kila kaburi ni la nani, na mwana wa nani alimzika nani. Huko mtandao ni wa shida, kwa hiyo nikikaa kimya msianze kuita wachungaji.

Umesema baba ametaja jina langu. Vizuri. Mimi nakumbuka aliyoyataja nilipomleta Precious nikiwa nimeshafunga ndoa mjini bila kumleta kwanza apimwe jikoni kwenu. Alisimama mlangoni akasema, mbele yake, mbele yako, mbele ya majirani: "Siku nikizikwa, wewe usionekane." Nikampigia simu baadaye kuomba radhi, akarudia. Nikakata. Tangu hapo ni miaka mitatu na mimi ni mtoto mtiifu. Sionekani.

Mpe dawa ya presha. Kama hataki, ni mtu mzima.

Wako,
Nestory


Nansio, 8 Septemba 2024

Nestory mwanangu,

Naandika baba yako akiwa amesinzia, amenikataza. Anasema asije akaonekana anakubembeleza.

Baba yako anaumwa, mwanangu. Si uchovu. Daktari wa hapa kamwangalia akaniambia nimpe anachokitaka. Na anachokitaka ni wewe. Anakuulizia. Kila meli ikipiga honi bandarini anageuza shingo upande wa barabara.

Nitakwambia kwa nini, halafu uichane hii barua, au sijui barua ya simu inachanwaje. Anataka kuyaondoa yale maneno. Unajua kwetu neno baya la mzazi haliondolewi kwa karatasi wala kwa mtu wa kutumwa. Wewe unachuchumaa mbele yake, yeye anachukua maji mdomoni, anakupulizia kifuani, anasema limekwisha, na linakuwa limekwisha. Asipolitoa mwenyewe linabaki hapo hapo lilipo, hata akifa. Kwako, na kwa watoto mtakaozaa.

Kibuyu kile cha bibi yako amenituma nikisugue. Kina maji, kiko chini ya kitanda. Lakini mdomo wake upande mmoja umeshalegea, uji unamtoka. Naogopa kesho na keshokutwa utalegea wote, na hapo hata wewe ukija hakuna cha kupulizia.

Njoo. Nimesema usiwaze, sasa nasema waza. Precious abaki aangalie makaburi, atakusimulia.

Mama yako,
Selina

Naogopa umekasirika. Usikasirike.


Jangwani, karibu na Luxor, 11 Septemba 2024

Mama yangu mpenzi,

Pole. Pole sana. Nimeelewa.

Nimeisoma barua yako kwenye kivuli cha basi, mtandao umeshika kwa bahati tu. Nilipofika pale uliposema "anakuulizia" nikaizima simu nikanywa maji. Sikulia. Precious ndiye aliyelia, na kiongozi akatupa dakika chache.

Mama, mimi ni mtoto wa hapo hapo. Najua watu wetu hawamwambii mtu kifo akiwa mbali. Wanaogopa ataanguka njiani. Wanasema anaumwa, anakuulizia, njoo. Nilikuwa kidato cha pili Musoma nilipoletewa barua hiyo ya bibi, na aliyeiandika ni wewe. "Bibi yako anaumwa kidogo, anakuulizia, njoo." Nikanunua machungwa kwa sababu bibi alipenda machungwa. Nikashuka melini na mfuko wangu, nikaingia uani, nikawakuta mmenyoa vichwa. Alikuwa na wiki kaburini. Ukanipokea ule mfuko, ukawagawia waombolezaji. Nilisema siku ile kwamba hamtanifanyia tena.

Kwa hiyo usihangaike na vibuyu, Mama. Umenitungia kitu kizuri, kwamba alitaka kuyaondoa maneno yake. Nakushukuru, wewe ni mama mwema. Lakini yule mzee hakuwahi kurudisha neno lolote maishani mwake, hata bei ya mbuzi.

Zikeni. Msinisubiri. Kama mmeshazika, mmefanya vema. Aliagiza nisionekane, tumheshimu.

Jana tuliingia kaburi moja lililochorwa kutoka sakafuni mpaka darini. Kiongozi anasema kwa watu wale mfalme akifa mwanawe husimama mbele ya maiti na kukifungua kinywa cha baba yake kwa chombo maalumu, ili akaweze kusema na kula huko aendako. Asipofanya mwana, baba anakaa bubu milele. Nilisimama pale muda mrefu kuliko wote. Kundi likanisubiri.

Nimejaza chupa ndogo ya mchanga wa pale. Desemba nikija nitaumwaga kaburini kwa baba, ndiyo udongo wangu. Halafu nitamjengea kwa marumaru.

Jikaze, Mama.

Wako,
Nestory


Nansio, 12 Septemba 2024

Nestory,

Baba yako yu hai.

Yu hai, amekaa, anapumua, ninavyoandika ananitazama. Sijui niandike kwa herufi gani uamini. Yu hai.

Barua yako Teodora hakuisoma kwanza peke yake. Kaja mbio kutoka dukani, kafurahi umejibu, akaketi pale pale kitandani, na baba yako akamwambia, "Soma kwa sauti." Akasoma "pole, pole sana." Mimi masikio yangu haya, nikadhani unampa pole ya ugonjwa, nikaitikia asante. Teodora akaishusha simu. Baba yako akamshika mkono. Kanong'ona, "Endelea, binti. Nisikie kama amenizika vizuri au hovyo."

Akasoma yote. Na machungwa, na mbuzi, na marumaru.

Baba yako kacheka, Nestory. Kwa upande mmoja wa mdomo, ule mzima. Sijawahi kuona kicheko kama hicho na sitaki kukiona tena.

Ya bibi yako ni kweli niliandika. Ulikuwa mdogo na ziwa siku zile lilikuwa chafu, niliogopa ungejirusha melini. Lakini hii ya leo siyo ile. Mtu anayenipa kazi ya kumbadilisha shuka mara mbili kwa siku siyo maiti.

Nilitaka Teodora ampige picha akurushie. Baba yako akageukia ukutani. Anasema, "Mimi si ng'ombe wa mnadani wa kuhakikishwa." Teodora atakupigia leo, pokea. Atamwekea simu mdomoni mumsikie.

Kibuyu bado kiko chini ya kitanda. Hajasema nikiondoe. Mimi nakiangalia hicho kibuyu kama mtu anavyoangalia mlango. Njoo leo, mwanangu, njoo hata na huyo kiongozi wenu.

Mama yako,
Selina


Luxor, 14 Septemba 2024

Mama,

Nilipokea. Nikamsikia Teodora anasema "mzee, ongea naye." Nikasikia kuku, nikasikia mlango, nikasikia pumzi ambayo inaweza kuwa ya mtu yeyote mwenye mafua. Nikaita "Baba" mara tatu mbele ya watalii wa watu. Hakuna aliyeitika. Mnanisikilizisha upepo.

Hata bibi alikuwa hai mpaka nilipoingia uani.

Naelewa mnataka nije. Mnataka mwanamume wa kusimama mbele ya wageni. Lakini nimefika huku mara moja katika maisha yangu na mke wangu, sitarudi mbio na mfuko wa machungwa ili mcheke uzee wenu wote jinsi nilivyodanganyika mara ya pili. Precious anasema kwao pia ni hivi hivi, na kwamba ukitii mara moja watakuita kila mwaka.

Tufanye hivi. Kama yu hai, nitumie picha yake ameshika kalenda ya mwaka huu. Kama amekufa, nitumie picha ya kaburi. Sitaki barua nyingine ya katikati.

Wako,
Nestory


Nansio, 17 Septemba 2024

Nestory,

Tumezika. Picha ya kaburi hiyo hapo. Watu walikuja wengi na walikula. Hukuonekana, kama ulivyoagizwa. Kaa na bahari yako.

Selina


Hurghada, 19 Septemba 2024

Mama,

Asante. Ungesema hivi tangu mwanzo tusingeumizana. Barua yako ni fupi lakini ndiyo ya kwanza ya kweli kutoka nyumbani.

Nimeiangalia ile picha sana. Mmeupanga udongo vizuri. Naona mmemweka nyuma ya migomba, pale alipokuwa akipumzika, pazuri. Sikuona msalaba, najua fundi wenu ni mvivu. Nitaleta wa chuma.

Sasa nikwambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Nimepumua. Miaka mitatu nimekuwa nalala na lile neno lake kifuani. Jana nimeogelea mpaka mbali, nimelala chali juu ya maji, nikajisemea basi, amekwenda nalo. Mtu akifa anabeba mizigo yake.

Watu wa hoteli ni wema kuliko ndugu. Meneja alipojua nimefiwa, jioni wakatuletea keki mezani, wameandika pole kwa sukari, na wahudumu wakasimama kimya. Precious alipiga picha, nimekuwekea hapa chini uone. Tumeongeza siku, tutarudi mwisho wa mwezi. Ile chupa ya mchanga ipo salama, iko dirishani inaangalia bahari.

Usikae peke yako. Mwite Teodora alale hapo.

Wako,
Nestory


Nansio, 24 Septemba 2024

Nestory mwanangu,

Jana tumemzika baba yako.

Usiitupe simu. Kaa mahali penye kivuli usome mpaka mwisho, hii ni barua yangu mimi. Ile fupi haikuwa yangu. Mkono ni wangu, maneno ni ya baba yako.

Ulipoomba picha, Teodora alileta kalenda ya dukani kwao, ile yenye picha ya meli. Akasimama nayo mlangoni, anaona aibu. Baba yako akaitazama, akasema itundikwe msumarini. Halafu akaniambia chukua kalamu. Nilikataa. Akasema, "Selina, mtoto ameomba kaburi. Lini uliona nikamnyima alichoomba?"

Akamwita Ngosha, yule mchimba visima, na vijana wake. Wakambeba na kiti chake cha kamba mpaka nyuma ya migomba, akakaa kuwasimamia. Ngosha alidhani mzee amechanganyikiwa, akachimba shimo fupi ili amridhishe. Baba yako akanong'ona, "Ongeza upande wa miguu. Wewe hujaniona nikisimama?" Majirani walikuja kuangalia, wengine wakaondoka na mikono kichwani. Mimi nilikaa jikoni nawapikia wachimbaji. Waliokuja wengi na wakala ni hao.

Shimo lilipokwisha wazee wakakataa. Kaburi likiachwa wazi linaita mtu, hilo unalijua. Ngosha akakata mgomba, wakauviringisha mkeka, wakauzika, wakarundika udongo juu. Hilo ndilo uliloliona likakupendeza. Msalaba haukuwepo kwa sababu mgomba haubatizwi.

Teodora alipiga picha analia. Baba yako alimwambia ajifute pua, asije akatikisa simu.

Lakini kibuyu alikiacha chini ya kitanda. Ndiyo nikawa nina moyo. Nikasema hasira ya mzee ni kama moto wa majani, acha apige kelele zake, mtoto ataona ile barua kavu, atajua hiyo siyo sauti ya mama yake. Mimi nilikuandikia lini bila kukuuliza umekula? Nilidhani utaliona hilo. Nilikuwa naenda bandarini kila meli ikiingia, nasimama pale wanapoteremsha sabuni.

Ikaja ile ya keki.

Teodora aliisoma kimya akasema haisomi, hata nimpige. Baba yako akamwita Ngosha, kwa sababu Ngosha hana haya. Kaisoma yote kama anasoma matangazo ya kanisani. Baba yako alikuwa amefumba macho. Alipofika pale uliposema umepumua, alifumbua. Alipofika kwenye keki akauliza, "Ya rangi gani?"

Ngosha kaiangalia picha. "Nyeupe, mzee."

"Imeliwa?"

"Hapa bado. Lakini mkewe ameshika kisu."

Akaomba kibuyu. Mimi nikafurahi, mjinga mimi. Nikakitoa chini ya kitanda, nikampa. Akachukua maji akayaweka mdomoni. Akakaa nayo. Anatazama barabara, mashavu yamejaa kama ya mtoto. Nikasema labda anataka kuyapulizia hewani yakufuate huko uliko, au ayateme mkononi mwangu nikutunzie. Nikapiga magoti, nikakinga mikono, hivi. Akaitazama mikono yangu. Nikamwambia, "Baba Nestory, tafadhali." Akanitazama na mimi.

Halafu akameza.

Nilimwona koo lilivyopanda na kushuka. Hakusema tena neno, wala uji hakuupokea tena. Jumapili asubuhi, watu wako kanisani, akakata roho.

Vijana wa Ngosha wakafukua pale pale. Ule mgomba ulikuwa umechomoza jani humo ndani, jeupe, laini, halijaona jua. Wakautupa kando. Baba yako ameingia ulipokuwa. Alisema kweli, lingekuwa fupi. Udongo wa mwanzo unaotupwa na mtoto wa kwanza, nilitupa mimi. Watu waliuliza uko wapi. Nikasema anaumwa.

Ule mchanga wako uache huko, au umwage ziwani ukiwa melini. Kaburi limeshajaa, na hao watu uliouchota kwao nao wana watoto wao. Marumaru usilete.

Wewe njoo tu. Sikukasirikii, nilijaribu nikashindwa. Nikisikia honi ya meli bado natoka.

Kuna jambo moja. Alipomeza, upande ule uliolegea yalimwagika kidogo, yakateremka kidevuni. Nikayafuta kwa kanga yangu, ile ya njano. Sijaifua. Nilisema ukija nikufunike nayo kifuani, maji ni yale yale, yametoka kinywa kile kile. Nikaenda kuwauliza wazee.

Wamesema haihesabiki, kwa kuwa yale hakuyatoa yeye, yalimtoka.

Basi nimeikunja, nimeiweka sandukuni hivyo hivyo ilivyo.

Mama yako,
Selina